AFYA YETU: VUMBI LA PAA LA ZAMANI. JUA HATARI YAKE, JUA NA HAKI YAKO

Leo tutazungumza juu ya vumbi. Si vumbi la barabarani, wala si vumbi la shambani wakati wa kiangazi. Ni vumbi linalotoka katika mapaa ya aina fulani ya zamani, mafundi wanapoyakata au kuyavunja. Vumbi hilo linaitwa vumbi la asbesto. Linaua polepole, na mara nyingi anayekufa hajui ni nini kilichomuua.

Tutazungumza pia juu ya fidia. Fidia ni malipo anayostahili mtu aliyeumizwa na kazi. Watu wengi hawadai fidia kwa sababu hawajui kuwa ipo. Wengine wanajua, lakini hawana karatasi za kuonyesha. Kwa hiyo soma mpaka mwisho. Kama mko katika kikundi cha kisomo, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kisha mjadiliane.

MZIGO WA WAPAGAZI

Sisi wa Tabora tunakaa katikati ya njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Ujiji, ikapita Unyanyembe, ikaenda mpaka Bagamoyo pwani. Mpaka leo miembe mikubwa inaonyesha mahali ilipopita. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi katika njia hiyo. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, kichwani au begani, kwa safari ya miezi. Walibeba meno ya tembo kwenda pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba.

Je, mpagazi akiugua njiani ilikuwaje? Mara nyingi mzigo wake alipewa mwingine. Msafara uliendelea, na mgonjwa aliachwa katika kijiji cha karibu. Akipona, vema. Akifa, basi. Mzigo ulifika pwani, lakini aliyeubeba hakufika, na watu wa nyumbani kwake hawakulipwa kitu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi katika njia hiyo ikaisha polepole. Lakini jambo moja halikuisha. Mpaka leo mtu anaweza kuumia kazini, mwajiri akatafuta mtu mwingine, na mgonjwa akarudi kijijini kimya kimya. Sheria ya fidia imewekwa ili jambo hilo lisiendelee. Sheria haimsaidii mtu asiyeijua.

ASBESTO NI KITU GANI?

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini. Lakini si jiwe kama mawe mengine. Ukilisaga, halitoi mchanga. Linatoa nyuzi, kama nyuzi za katani. Nyuzi hizo haziungui kwa moto na hazikatiki upesi. Kwa sababu hiyo watu wa viwanda walizipenda sana. Walizichanganya na saruji, wakatengeneza mabati ya kuezekea, mbao za dari na mabomba ya maji. Katika nchi nyingi walifunga asbesto kuzunguka injini za mvuke za reli ili joto lisitoke. Waliitia pia katika breki za magari.

Hapa Afrika asbesto ilichimbwa kwa wingi Afrika Kusini, Zimbabwe na Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini. Mabati ya saruji yenye asbesto yalitengenezwa hata hapa Afrika Mashariki. Huko Uganda palikuwa na kiwanda Tororo. Mabati hayo yaliezekwa juu ya shule, hospitali, maghala, ofisi na nyumba za wafanyakazi.

Utayatambuaje? Bati la chuma ni jembamba na linapinda. Ukiligonga linalia. Bati la saruji ni nene, lina rangi ya kijivu, na limetengenezwa kwa mawimbi. Halipindi. Likianguka, linavunjika kama chungu. Likizeeka, uso wake hukwaruza na mara nyingi huota kuvu au ukoka. Si kila bati la saruji lina asbesto, kwa maana mengine ya siku hizi hutengenezwa bila asbesto. Lakini kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo ukiona bati la saruji la zamani, lihesabu kuwa lina asbesto mpaka wataalamu wathibitishe vingine.

LINAUMIZAJE?

Bati zima, lisilovunjika, lililotulia juu ya paa, halimdhuru sana mtu anayekaa chini yake. Hatari inakuja linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa kwa keekee, linapopigwa msasa, linapovunjwa kwa nyundo au mtaimbo. Hapo nyuzi ndogo sana hutoka na kuruka hewani. Ni nyembamba kuliko unywele, na jicho haliwezi kuiona moja moja. Fundi anazivuta pamoja na pumzi yake.

Vumbi la kawaida tunalikohoa na kulitema. Nyuzi za asbesto haziondoki hivyo. Nyingine huchoma ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Mapafu hupigana nazo mwaka hata mwaka, na mwishowe huharibika. Magonjwa makubwa ni haya matatu:

1. Makovu ya mapafu. Mapafu yanakuwa magumu kama ngozi iliyokauka. Mgonjwa anakohoa na kukosa pumzi. Kwanza anachoka akipanda mlima, kisha akitembea, kisha hata akiwa amekaa.

2. Kansa ya mapafu.

3. Kansa ya utando unaozunguka mapafu, au ule ulio tumboni. Kansa hii husababishwa hasa na asbesto, na humuua mgonjwa upesi ikishaonekana.

Ndugu msomaji, shika sana jambo hili: magonjwa haya hayaji siku ile ile. Huchukua miaka 10, miaka 20, hata miaka 40. Kijana aliyevunja paa akiwa na umri wa miaka 22 anaweza kuugua akiwa na wajukuu. Wakati huo amesahau lile paa. Mwajiri wake huenda amekufa au ameondoka. Hii ndiyo sababu ugonjwa huu ni mgumu kuudai.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa zaidi ya watu 200,000 duniani hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa mkoa huu tunaolima tumbaku. Mvuta sigara aliyevuta pia vumbi la asbesto yuko katika hatari ya kansa ya mapafu kubwa kuliko mtu aliyevuta kimoja tu. Moshi na vumbi husaidiana kumwangamiza. Kama umewahi kufanya kazi katika vumbi hili, acha sigara leo.

MFANO WA FUNDI NA MWANAWE

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga ili tujifunze.

Yuko mzee mmoja, fundi wa zamani. Anakohoa tangu mwaka juzi. Akienda shambani anapumzika mara tatu njiani. Majirani wanasema ana kifua kikuu. Wengine wanasema amerogwa. Anakwenda zahanati. Daktari ni kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kifua kinanisumbua."

Daktari anampima kifua kikuu. Hana. Baada ya muda anarudi, anapimwa tena. Hana. Hapo daktari anauliza swali jema sana.

"Mzee, ujanani ulifanya kazi gani?"

"Nilikuwa fundi. Nilimfanyia kazi mkandarasi mmoja miaka sita. Tulikuwa tunaezua mapaa ya zamani na kuezeka mapya."

"Mapaa ya bati gani?"

"Yale mazito ya kijivu. Tulikuwa tukiyakata kwa msumeno. Jioni tulikuwa weupe kama watu waliotoka kinuni."

"Mliziba pua?"

"Kwa kitambaa, mwanangu. Siku nyingine bila kitu."

Daktari anaandika maneno yote hayo. Anamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Kitete, akapigwe picha ya eksirei. Anamwambia, "Mzee, huenda ni kazi iliyokuumiza. Hujarogwa."

Mzee anarudi nyumbani. Anamkuta mwanawe ametoka kazini. Mwana ni kibarua wa mkandarasi mwingine. Wiki hiyo wanaezua paa la jengo la zamani. Nguo zake zina vumbi la kijivu. Mtoto wake mdogo anamkimbilia kumkumbatia. Mkewe anachukua nguo, anazikung'uta ukutani, kisha anaziloweka.

Mzee anatazama, anaelewa. Yale yale yaliyompata yeye yameingia tena mlangoni, na sasa yamewafikia mkwe na mjukuu. Anamwita mwanawe na kumwambia aliyosikia kwa daktari.

Ndugu msomaji, mzee huyu amechelewa kujikinga. Lakini hajachelewa kuuliza haki yake. Na mwanawe hajachelewa kwa lolote. Tutaona kila mmoja afanye nini. Kwanza tutazame watu wengine walifanya nini.

WALIODAI KABLA YETU

Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, alikuwako mwanamke aitwaye Nellie Kershaw. Alisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Akaugua mapafu, akashindwa kufanya kazi. Kiwanda kilikataa kumlipa. Alikufa mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33. Daktari aliyechunguza mapafu yake, William Cooke, aliandika habari zake katika gazeti la madaktari. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya huko walithibitisha kuwa vumbi hilo linaua, na mwaka 1931 sheria ya kupunguza vumbi viwandani ikatungwa. Nellie Kershaw hakupata kitu. Lakini kwa kuwa habari zake ziliandikwa, wengine walipata pa kuanzia.

Afrika Kusini kampuni ya Kiingereza iitwayo Cape ilichimba asbesto miaka mingi, mpaka mwaka 1979. Wachimbaji waliugua. Hata watu waliokaa karibu na migodi na mashine za kusagia waliugua, ingawa hawakuwahi kuajiriwa. Wagonjwa na familia zao, zaidi ya 7,000, waliungana. Walitaka kesi yao isikilizwe Uingereza, nyumbani kwa kampuni yenyewe. Kampuni ilisema kesi isisikilizwe huko. Walibishana miaka mitatu. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema wana haki ya kusikilizwa huko. Mwaka 2003 walipatana, na kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 7.5.

Piga hesabu. Pauni milioni 7.5 kwa watu 7,500 ni pauni 1,000 kwa kila mmoja. Si nyingi kwa mtu aliyepoteza mapafu yake. Tena wengi walikufa kabla ya kulipwa. Mwaka huo huo mfuko mwingine wa kuwalipa wagonjwa wa asbesto ulianzishwa huko kwa fedha za kampuni nyingine za migodi.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, wanyonge wakiungana na kuwa na ushahidi wa daktari, hata kampuni kubwa ya ng'ambo hulipa. La pili, kuchelewa kunaua haki. Uingereza ilikataza matumizi ya asbesto mwaka 1999. Kenya ilikataza mwaka 2006, na Afrika Kusini mwaka 2008. Lakini paa lililoezekwa kabla ya katazo bado liko juu ya nyumba, na siku ya kuliezua inakuja.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Hapo zamani Tanzania Bara ilitumia sheria ya fidia iliyotungwa wakati wa ukoloni. Malipo yake yalikuwa madogo mno. Mpaka inaondolewa, mtu aliyepata kilema cha kudumu alilipwa kiasi kisichozidi shilingi 108,000.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai mwaka 2015, na ulianza kulipa mafao Julai mwaka 2016. Yashike mambo haya:

Anayechangia mfuko huu ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti katika mshahara wake. Mwajiri akikukata kwa jina la mfuko huu, anakosa.

Mfuko unahusu ajali za kazini, magonjwa yanayotokana na kazi, na vifo vinavyotokana na kazi. Kwa hiyo haumhusu mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa tu. Unamhusu pia mtu aliyeugua kwa vumbi la paa. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka makovu ya mapafu yaletwayo na asbesto, na kansa zake, katika orodha ya magonjwa ya kazini.

Mafao ya mfuko ni haya: matibabu, malipo kwa mtu ambaye hawezi kufanya kazi kwa muda, malipo kwa mwenye kilema cha kudumu, malipo ya msaidizi, kama mgonjwa hawezi kujihudumia, mafunzo na msaada wa kumrudisha mgonjwa katika hali ya kujitegemea, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi, yaani mjane au mgane na watoto, kama mfanyakazi amekufa.

Kuna sheria nyingine ya mwaka 2003, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Inamtaka mwajiri akulinde. Vifaa vya kujikinga ni juu yake, si juu yako. Inamtaka pia awapeleke wafanyakazi kupimwa afya. Anayesimamia sheria hii ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi wanauita OSHA. Ukiona watu wanavunja paa la asbesto bila kinga, hao ndio wa kuambiwa.

HATUA ZA KUDAI

Sasa turudi kwa mzee wetu. Afanye hivi:

Kwanza, apate ukweli wa daktari. Bila cheti cha daktari hakuna dai. Amweleze daktari kazi zote alizofanya tangu ujana, moja baada ya nyingine. Daktari asipouliza, yeye aseme.

Pili, aandike historia ya kazi. Achukue daftari. Aandike: nilifanya kazi kwa nani, wapi, kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani, nikifanya nini, vumbi la nini. Kama hawezi kuandika vizuri, mwanawe au mwalimu wa kisomo amsaidie. Aweke sahihi yake au dole gumba, na tarehe.

Tatu, atafute mashahidi. Wenzake aliofanya nao kazi wako wapi? Nao waandike. Pengine nao wanakohoa. Wakiwa watano wenye ugonjwa mmoja na mwajiri mmoja, maneno yao yana nguvu kuliko ya mtu mmoja.

Nne, akusanye karatasi. Kitambulisho cha zamani, karatasi ya mshahara, barua ya kazi, kadi ya chama cha wafanyakazi, hata picha ya mafundi wamesimama mbele ya jengo. Kila kitu kinasaidia.

Tano, atoe taarifa mapema. Amwambie mwajiri kama yupo, na aupelekee mfuko wa fidia taarifa. Anaweza kuanzia kwa afisa kazi wa mkoa, naye atamwelekeza. Sheria inaweka muda wa kudai, na muda ukipita haki inaweza kupotea. Siku ile daktari anapokuambia "hii imetokana na kazi", anza safari ya kudai. Usingoje mavuno.

Je, mzee atalipwa? Hatuwezi kumwahidi. Alifanya kazi zamani, na kila dai huchunguzwa peke yake. Lakini asijihukumu mwenyewe kuwa hana haki. Wenye kazi ya kuamua waamue, tena wamjibu kwa maandishi. Akikataliwa, aulize sababu, na aulize rufaa inakatwa wapi.

Mwanawe yuko mahali pazuri zaidi. Kazi yake ni ya leo, mwajiri wake yupo leo. Amwulize mkandarasi maswali mawili: "Je, umetuandikisha katika mfuko wa fidia? Je, vifaa vya kujikinga viko wapi?" Si matusi kuuliza hivyo. Akiogopa kuuliza peke yake, waulize wote pamoja, au wapitie chama cha wafanyakazi. Tangu leo awe na daftari: tarehe, jengo, kazi aliyofanya, jina la msimamizi. Daftari hilo aliweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Akiugua baada ya miaka 25, daftari litasema yale aliyoyasahau.

Kibarua asiye na barua ya kazi asiseme, "Mimi si mfanyakazi." Kama ulifanya kazi chini ya mtu, akakulipa, akakuamuru uanze saa ngapi na uache saa ngapi, uliza haki yako.

FUNDI ANAYEJITEGEMEA

Wengi wetu hatuna mwajiri. Jirani anakuita, unamwezulia paa, anakulipa, mnaachana. Fundi wa namna hii hana mtu wa kumchangia katika mfuko. Akiugua, mzigo ni wake na wa watu wake. Kwa hiyo kwake yeye kinga ndiyo fidia yake. Hana nyingine. Afadhali aikatae kazi ya siku mbili kuliko kupoteza pumzi ya miaka yote.

KINGA

Kuezua paa la asbesto si kazi ya kila mtu. Kama ni jengo la umma, kijiji kisiwaite vijana wafanye kwa kujitolea. Mtendaji wa kijiji awaulize kwanza mhandisi na afisa afya wa halmashauri. Tena msifanye haya:

Msikate bati kwa msumeno wala kulitoboa. Msiliponde. Msilitupe chini kutoka juu.

Msilisugue kuondoa ukoka. Msifagie vumbi lake likiwa kavu.

Msichukue vipande kwenda kujengea banda la kuku, kufunika kisima, kuezeka jiko au kujaza mashimo ya njia. Watoto wasivichezee, wala wasivitumie kama chaki.

Wanaojua kazi hii hufanya hivi. Kwanza hulimwagia bati maji mpaka lilowe, kwa kuwa vumbi lililolowa haliruki. Hufungua misumari na skrubu taratibu, hushusha bati likiwa zima, na hulifunga katika karatasi nzito ya nailoni. Hulizika mahali palipowekwa na halmashauri, mbali na visima. Huvaa barakoa maalumu ya kuzuia nyuzi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, kwa sababu nyuzi hupenya.

Nguo za kazi zisiletwe nyumbani. Fundi aoge na abadilishe nguo huko huko kazini. Huko ng'ambo wake wa wafanyakazi waliugua na kufa kwa kufua nguo zenye vumbi hilo tu, bila kukanyaga kiwandani. Kama nguo imefika nyumbani, isikung'utwe. Ilowekwe kwanza, ifuliwe peke yake.

Na kama paa lako la asbesto ni zima, usilikimbilie kulivunja kwa hofu. Liache litulie. Lipake rangi bila kulisugua, na usipande juu yake. Anza kuweka akiba ya bati la chuma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Vumbi la asbesto huumiza baada ya miaka mingi.
2. Kikohozi kisichopona, na kifua kikuu hakionekani? Mwambie daktari kazi ulizofanya.
3. Fidia ni haki ya mfanyakazi, si sadaka ya mwajiri.
4. Daftari, cheti cha daktari na mashahidi ni silaha zako.
5. Asiye na mwajiri ajikinge zaidi ya wote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, majengo gani yana bati nene la kijivu? Nani anayatunza?
2. Nani kati yetu, au kati ya wazazi wetu, aliwahi kuezua mapaa ya namna hiyo? Afya yake ikoje?
3. Mpagazi aliyeachwa njiani na fundi aliyerudi kijijini akikohoa wanafanana kwa nini? Wanatofautiana kwa nini?
4. Kila mmoja aandike katika daftari lake historia ya kazi zake: mahali, mwaka, mwajiri na kazi. Mwalimu asahihishe.

MANENO MAGUMU

Fidia: malipo kwa mtu aliyepata hasara au madhara.
Mtegemezi: mtu anayelishwa na kutunzwa na mwingine.
Kuezua: kuondoa paa lililoezekwa.
Mkandarasi: mtu au kampuni inayopewa kazi ya kujenga.

Kama mmejibu swali la nne, mmekwisha fanya kazi kubwa. Daftari hilo msilitupe. Huenda siku moja likamlisha mjane na watoto.